Ukuta wa Moto kwa Kompyuta ya Nyumbani: Namna ya Kuuchagua na Kuutunza



Tukikutana nanyi katika mikutano ya hadhara, mazungumzo yetu huwa ya wizi wa mifugo, magendo, ajali za barabarani na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Leo tunaomba nafasi ya kuzungumzia mlango mwingine wa nyumba zenu, mlango usioonekana kwa macho, ambao wengi huuacha wazi usiku na mchana bila kujua.

Anayeishi mpakani hahitaji kufundishwa maana ya kizuizi. Kila siku anaona malori yamepanga foleni, afisa akikagua hati moja baada ya nyingine. Mwenye hati halali hupita, asiye nayo hurudishwa. Kizuizi chema hakizuii kila kitu, maana kingefanya hivyo biashara ingekufa. Wala hakiruhusu kila kitu, maana hapo kisingekuwa kizuizi. Kazi yake ni kutofautisha. Kompyuta ya nyumbani iliyounganishwa na intaneti inahitaji kizuizi cha namna hiyo, nacho huitwa ukuta wa moto.

Kwa nini polisi wazungumzie kompyuta?

Huenda msomaji akauliza jambo hili linatuhusu nini sisi polisi. Jibu ni kwamba kompyuta ya nyumbani, hasa mpakani, imekwisha kuwa ofisi. Wakala wa forodha huitumia kuingiza hati za mizigo katika mfumo wa ASYCUDA. Katibu wa kikundi cha akiba huhifadhi humo hesabu za wanachama. Mfanyabiashara huitumia kuwasiliana na mteja wake aliye Eldoret, Bukoba au Goma. Jioni mtoto wa shule huketi mbele ya kompyuta hiyo hiyo akafanya mazoezi yake, na pengine akacheza michezo.

Mwizi akiingia katika kompyuta hiyo, mlango wa nyumba haukuvunjwa na mbwa hakubweka. Hakuna kilichohamishwa mahali pake. Mwenye nyumba huja kugundua baada ya siku nyingi, wakati fedha zimekwisha kuvuka mpaka mmoja au miwili na alama za uhalifu zimeanza kufutika. Ndiyo maana tunaona ni wajibu wetu kuzungumza kabla ya hasara. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tunaongeza kwamba katika jambo hili ukuta wenyewe umekwisha kujengwa, kinachohitajika ni kuujua na kutoubomoa.

Ukuta wa moto ni nini?

Jina hili limetoka kwa waashi. Ukuta wa moto ni ukuta mnene usioshika moto, unaojengwa kati ya duka na duka ili moto ukizuka upande mmoja usivukie wa pili. Aliyewahi kuona soko la vibanda vya mbao likiteketea anaelewa thamani ya ukuta huo. Katika kompyuta, ukuta wa moto ni programu inayosimama kati ya kompyuta na mtandao, ikichunguza kila kinachoingia na kinachotoka.

Habari zinazosafiri katika intaneti hukatwakatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti ina anwani ya ilikotoka, anwani ya inakokwenda, na nambari ya mlango inaoubisha. Kompyuta moja ina milango ya namna hii zaidi ya 65,000. Si milango ya mbao. Ni nambari tu ambazo programu hutumia ili kila moja ipate ujumbe wake. Kurasa za intaneti kwa kawaida hupitia milango nambari 80 na 443. Kushirikiana mafaili baina ya kompyuta za Windows hupitia mlango nambari 445. Kuiongoza kompyuta ya Windows kutoka mbali hupitia nambari 3389.

Ukuta wa moto huangalia pakiti na kuuliza maswali matatu: imetoka wapi, inataka mlango gani, na je, kuna mtu humu ndani aliyeiita? Swali hilo la tatu ndilo la busara zaidi. Unapofungua ukurasa wa gazeti, kompyuta yako ndiyo iliyotuma ombi. Jibu likirudi, ukuta hulikumbuka ombi lile na kuliruhusu jibu kupita. Lakini pakiti ikija kutoka kusikojulikana, bila kuitwa na yeyote, ikabisha mlango nambari 445, ukuta huikataa kimya kimya. Ni kama mlinzi wa lango anayemruhusu mgeni aliyetajwa na mwenye nyumba, na kumrudisha anayedai tu kwamba anajulikana.

Mafunzo ya miaka iliyopita

Wapo wanaodhani kwamba asiyefungua kurasa mbaya hawezi kudhurika. Historia inakataa. Mwezi Agosti 2003 ulienea duniani mnyoo wa kompyuta uitwao Blaster. Mtumiaji hakuhitaji kubofya chochote wala kufungua barua yoyote. Ilitosha kuwasha kompyuta yenye Windows XP au Windows 2000 isiyo na kinga, kuiunganisha na intaneti, na kusubiri. Mnyoo uliingia kwa mlango uliokuwa wazi, na mara nyingi kompyuta ilitangaza kwamba itajizima baada ya sekunde 60. Mwaka uliofuata, 2004, ukaja mnyoo mwingine uitwao Sasser ulioingia kwa njia inayofanana na hiyo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Windows XP ilikuwa na ukuta wa moto ndani yake tangu mwanzo, ila ulikuwa umezimwa, na watu wengi hawakujua kwamba upo. Ni mwezi Agosti 2004 ambapo kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho kubwa la pili la Windows XP, na tangu hapo ukuta ukawa unawashwa wenyewe bila mtumiaji kuombwa. Mwenye kompyuta ya Windows leo anarithi uamuzi huo.

Tukio la tatu ni la tarehe 12 Mei 2017. Programu haribifu iitwayo WannaCry ilienea katika nchi takriban 150 kwa muda mfupi, ikayafunga mafaili ya watu na kudai fidia ya dola 300 za Marekani kwa sarafu ya bitkoini, ikitishia kuongeza dau kwa anayechelewa. Hospitali nyingi za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Programu hiyo ilisambaa kupitia mlango nambari 445. Sasisho la kuziba udhaifu ule lilikuwa limetolewa na Microsoft tangu tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili kabla. Walionusurika wengi walikuwa ama wamesasisha kompyuta zao, ama mlango ule haukuwa wazi kwa mtandao wa nje. Tunajifunza kwamba ukuta na sasisho ni ndugu wawili. Mmoja asipokuwepo, mwingine hulemewa.

Unao tayari, huenda hujui

Wananchi wanaotaka ukuta wa moto mara nyingi huanza kwa kuuliza waununue wapi. Ushauri wetu ni kwamba waanze kwa kuangalia walichonacho.

Kompyuta ya Windows inayotumika leo ina ukuta wake ndani, bila malipo ya ziada. Bofya kitufe cha kuanzia, kisha andika neno firewall, ambalo ndilo jina la Kiingereza la ukuta huu. Ukurasa utakaofunguka utakuonyesha kama umewashwa. Alama ya kijani ni dalili njema. Alama nyekundu ni onyo. Kwa kawaida ukuta huu huzuia vinavyotoka nje bila kuitwa, na huruhusu programu za ndani kwenda nje. Kwa nyumba nyingi, ukiwa umewashwa na kompyuta inasasishwa, unatosha.

Kompyuta za Mac pia zina ukuta wao, lakini mara nyingi mwenye kompyuta hulazimika kuuwasha mwenyewe katika sehemu ya mipangilio ya mtandao. Wanaotumia Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, wanao ukuta uitwao ufw, nao pia husubiri kuwashwa. Msomaji asidhani kwamba kompyuta ya bei kubwa hujilinda yenyewe.

Kuna pia ukuta ulio katika ruta, kile kifaa kinachogawa Wi-Fi nyumbani. Huo husaidia sana, lakini haufuatani na kompyuta. Ukibeba kompyuta yako ya mapajani kwenda hotelini au kituo cha mabasi, ruta inabaki nyumbani. Programu iliyo ndani ya kompyuta ndiyo inayosafiri nawe.

Maswali saba ya kumwongoza mchaguzi

Ikiwa baada ya hayo bado unaona unahitaji ukuta mwingine, kwa mfano kwa sababu unataka kudhibiti pia programu zinazotuma habari nje, zipo nyingi za kuchagua. Baadhi huja pekee, kama Comodo Firewall na ZoneAlarm. Nyingine huja pamoja na kinga ya virusi katika kifurushi kimoja cha kulipia, kama zile za Norton, Bitdefender na Kaspersky. Nyingine, kama GlassWire, husifika kwa kuonyesha kwa michoro ni programu ipi inatumia mtandao na kwa kiasi gani, jambo linalomfaa mtu anayenunua data kwa megabaiti. Hatumpigii debe yeyote. Tunatoa maswali ya kujiuliza kabla ya kuamua.

La kwanza: inatoka wapi? Pakua programu kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, si kwa rafiki mwenye flashi, wala si kwa tangazo lililojitokeza ghafla kwenye skrini likidai kompyuta yako ina virusi mia. Tangazo la namna hiyo mara nyingi ndilo kirusi chenyewe kimevaa sare ya polisi. Watengenezaji wa kweli hawaingii kwenye skrini yako kukutisha.

La pili: je, kutakuwa na kuta mbili zinazofanya kazi pamoja? Watu hudhani wawili ni bora kuliko mmoja. Katika jambo hili sivyo. Programu mbili za ukuta zikisimama mlango mmoja, hugombana. Moja huruhusu kile ambacho nyingine inazuia, kompyuta inakuwa nzito, na mwenye nyumba, kwa kuchoka, huzizima zote. Chagua mmoja. Ukiweka mpya, hakikisha ule wa Windows umepumzishwa kwa utaratibu. Ukiuondoa ule mpya, hakikisha ule wa Windows umerudi kazini.

La tatu: kompyuta yangu inauweza? Nyumba nyingi za mpakani hutumia kompyuta zilizonunuliwa zikiwa zimetumika. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 au 4 italemewa na kifurushi kikubwa cha kinga. Ukuta mwepesi unaofanya kazi ni bora kuliko mzito uliozimwa.

La nne: je, unadhibiti vinavyotoka? Programu ya wizi ikiwa tayari imo ndani, hujaribu kupiga simu kwa bwana wake nje. Ukuta unaochunguza vinavyotoka unaweza kukuonya. Lakini faida hii ina gharama yake, nayo ni swali linalofuata.

La tano: je, nitayaelewa maswali yake? Ukuta unaodhibiti vinavyotoka hukuuliza mara kwa mara: programu fulani inataka kutoka, niiruhusu? Mtu anayebofya ndiyo kwa kila swali ili aendelee na kazi hana tofauti na mlinzi anayefungua lango akiwa amesinzia. Ikiwa maswali hayo yatakuchosha, baki na ukuta wa kawaida usiouliza sana. Kanuni ya kukumbuka ni hii: unachokijua na ulichokifungua wewe sasa hivi, ruhusu, usichokijua, zuia kwanza, kisha uliza. Kuzuia kunaweza kurekebishwa. Kilichokwisha kutoka hakirudi.

La sita: gharama yake ni nini baada ya mwaka wa kwanza? Vifurushi vingi huuzwa kwa leseni ya mwaka mmoja, na mara nyingi bei ya kuongeza muda huwa juu kuliko ya kuanzia. Leseni ikiisha, angalia mara moja ni ukuta upi unaofanya kazi. Usilale ukidhani unalindwa na mlinzi ambaye mkataba wake umekwisha.

La saba: je, bado unatunzwa na mtengenezaji? Ukuta mwema uliojengwa juu ya msingi uliooza hausaidii. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Anayetumia toleo la zamani aulize kwanza juu ya kulibadilisha, kabla ya kuuliza juu ya ukuta.

Mtandao wa nyumbani na mtandao wa watu wote

Kila unapojiunga na mtandao mpya, Windows huuchukulia ama kama mtandao wako binafsi ama kama mtandao wa umma. Wengi hubadilisha mpangilio huu bila kufikiri. Ukisema ni wa binafsi, ukuta hulegeza masharti ili kompyuta za nyumbani zionane na kugawana mafaili au printa. Ukisema ni wa umma, ukuta hukaza. Basi Wi-Fi ya hoteli, ya mgahawa, ya ofisi ya mizigo au ya kituo cha mabasi ni ya umma, hata kama mwenye mgahawa ni shemeji yako. Humjui aliyeketi meza ya tatu.

Sisi wa mpakani tuna hali yetu ya pekee. Simu zetu hurukaruka kati ya mitandao ya nchi mbili. Wengi wana laini mbili au tatu. Na wengi huunganisha kompyuta kwa hotspoti ya simu. Hakikisha hotspoti yako ina neno la siri gumu, na uizime ukimaliza. Ukijiunga kwa hotspoti ya mtu mwingine, hata ya jirani mwema, ichukulie kuwa ya umma. Jambo hili halikugharimu hata shilingi moja, nalo hufunga milango mingi.

Fundi anapouzima ukuta

Hatupendi kuanika jalada la mtu yeyote, kwa hiyo tutunge mfano. Katika mji mmoja wa mpakani kuna nyumba yenye kompyuta moja. Baba ni wakala wa forodha, mama ni mweka hazina wa kikundi cha akiba. Baba anahitaji programu ya hesabu, lakini leseni yake ni ghali. Fundi wa mtaani anasema anayo bila malipo. Ila kabla ya kuiweka ni lazima azime ukuta wa moto na kinga ya virusi, la sivyo programu itakataa. Baba anakubali. Programu inafanya kazi, wote wanafurahi, na hakuna anayekumbuka kuwasha ukuta tena.

Ndani ya programu ile kulikuwa na nyingine iliyojificha, inayomwezesha mtu wa mbali kusoma barua pepe za baba. Kwa majuma mawili mtu huyo anasoma tu. Anajifunza namna baba anavyoandika, anavyosalimia, na ankara anazotuma. Kisha mteja wa ng'ambo ya mpaka anapokea ankara inayofanana kwa kila kitu na zile za kawaida, isipokuwa nambari ya akaunti ya benki. Analipa. Mzigo hautoki, kwa kuwa baba hajaona fedha. Mteja anamwita baba mwizi. Baba anamwita mteja mwongo. Watu waliokula pamoja harusini wanafikishana mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na kila upande wa mpaka unasema watu wa upande wa pili hawaaminiki.

Hapo ndipo ilipo hasara kubwa. Fedha zaweza kutafutwa tena. Lakini biashara ya mpakani imejengwa juu ya neno la mtu, na neno likivunjika hujengeka kwa shida.

Tuuchambue mfano huu kwa uaminifu. Je, ukuta wa moto ungewaokoa? Kinga ya virusi ikiwa macho, huenda ingeitambua programu ile kabla haijawekwa. Ukuta unaochunguza vinavyotoka huenda ungeuliza kwa nini programu ya hesabu inataka kuzungumza na kompyuta ya nchi ya mbali. Lakini ukuta uliozimwa kwa mkono wa mwenyewe haumwokoi mtu. Basi shikeni hili: programu inayodai kwanza ulinzi uzimwe, imekwisha kujitambulisha. Fundi akimaliza kazi, kabla hujamlipa, mwombe afungue ukurasa wa ukuta wa moto mbele yako muone wote wawili kwamba umewashwa. Na mteja yule angemwokoa kila mtu kwa kupiga simu moja, kwa nambari aliyoijua siku zote, kuuliza: ndugu, ni kweli mmebadilisha akaunti?

Ukuta usichoweza kufanya

Hatutaki mtu aondoke hapa akidhani amemaliza kazi. Ukuta wa moto hauzuii ukimtajia mtu nambari ya siri ya pesa za simu. Hauzuii kirusi kilichobebwa kwa flashi kutoka kibanda cha kuchapisha. Mara nyingi hauzuii kiambatisho ulichokifungua mwenyewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyekiita. Haurudishi mafaili yaliyofungwa na wadai fidia. Kwa hiyo uambatane na mambo manne: masasisho ya mara kwa mara, kinga ya virusi, maneno ya siri tofauti kwa kila akaunti muhimu, na nakala ya mafaili yako katika diski ya nje isiyokaa imechomekwa kwenye kompyuta wakati wote.

Ikiwa tayari umeibiwa

Kwanza, ikate kompyuta kutoka kwenye mtandao: zima Wi-Fi au chomoa waya. Pili, wasiliana bila kuchelewa na benki yako au kampuni ya pesa za simu, kwa kuwa dakika za mwanzo ndizo zenye matumaini. Tatu, badilisha maneno ya siri ukitumia kifaa kingine ulicho na hakika nacho, si kompyuta ile ile.

Nne, na hapa tunawasihi, usikubali fundi afute kila kitu na kuanza upya kabla hujatuona. Nia yake inaweza kuwa njema, lakini anachofuta ni ushahidi. Ni kama kupiga deki chumba kilichovunjwa kabla mpelelezi hajafika. Piga picha za skrini kwa simu, hifadhi ujumbe na barua pepe pamoja na tarehe na saa zake, andika nambari za simu na za akaunti zilizohusika, kisha fika kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Kwa dharura, piga 999 au 112. Kuripoti hakulipiwi.

Wengine husita wakisema mwizi yuko nchi nyingine, polisi watafanya nini? Kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa pande zote. Uganda ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018. Vikosi vyetu huwasiliana, na kila nchi ina ofisi ya INTERPOL kwa kazi hiyo. Hatuahidi kwamba kila fedha itarudi. Tunachoweza kusema ni kwamba shauri lisiloripotiwa halina njia, na lile lililoletwa mapema, na ushahidi wake mzima, lina njia.

Tunakumbusha pia kwamba hakuna afisa wetu atakayekupigia simu akuombe neno la siri au nambari ya siri ya pesa za simu ili akusaidie. Akikuomba, huyo si wetu. Kata simu, kisha tuarifu.

Tunamalizia

Jioni ya leo, baada ya chakula, tunaomba kila mwenye kompyuta afanye jambo moja lisilozidi dakika tano: afungue ukurasa wa ukuta wa moto na kuangalia kama umewashwa. Amwite na mtoto wake aone, maana huenda kesho mtoto ndiye atakayeombwa na rafiki auzime ili mchezo ufanye kazi. Asiyeweza kufanya hivyo peke yake afike kwa afisa wa uhusiano wa polisi na jamii katika kituo chake, naye atamwelekeza bila malipo.

Kizuizi cha barabarani hulindwa na maafisa wa nchi mbili. Cha kompyuta yako kina mlinzi mmoja tu, na mlinzi huyo ni wewe. Tunawatakia usalama ninyi na majirani zenu, wa upande huu na wa upande ule.